Kwa Nini Siafu Haogopi Kufa: Somo kwa Wafugaji Nyuki wa Tabora

Mvua zikianza, wafugaji nyuki wa Sikonge, Kaliua na Urambo hutuletea kilio kilekile: siafu wameingia mzingani usiku, kufika asubuhi nyuki wamehama na masega hayana kitu. Swali linalofuata huwa ni dawa gani imwagwe. Kabla ya dawa, naomba tumjue mdudu mwenyewe. Njia nyingi tunazotumia dhidi yake hushindwa kwa sababu tunapigana na siafu mmojammoja, na kwa kundi lake mmoja si hasara.

Mfugaji nyuki ana bahati, maana nusu ya somo hili anaijua tayari. Siafu, sisimizi, na majimoto wanaounga majani ya miembe kwa nyuzi za hariri za mabuu yao, wote ni chungu, na chungu ni ndugu wa nyuki na nyigu. Mababu zao walikuwa nyigu, na ukoo wao ulianza kujitenga zaidi ya miaka milioni 100 iliyopita. Leo aina zilizokwisha kuainishwa duniani zinapita 14,000. Kumbikumbi tunaowakaanga hawamo humo. Hao ni mchwa, jamaa wa mende, na ndani ya kichuguu chao malkia huishi na mfalme. Kwa siafu hakuna mfalme: dume akishapanda, maisha yake yamekwisha.

Msafara unaouona ukikatiza njia ni wa majike watupu. Hawana macho, wanaongozwa na harufu wanazoachiana ardhini. Makundi makubwa kabisa yamekadiriwa kufikia vibarua, yaani majike wafanyakazi wasiozaa, milioni 20. Mama yao ni mmoja tu, hana mabawa, na anaweza kutaga mayai milioni 3 hadi 4 kwa mwezi. Pembeni mwa msafara husimama askari wenye vichwa vikubwa, taya wazi. Akishakuuma, ukimvuta kiwiliwili hukatika na taya hubaki zimeshika.

Hapo ndipo penye fumbo. Askari huyo hazai. Tabia ya kujitoa hivyo imerithiwaje kutoka kizazi hadi kizazi, kama wenye nayo hawaachi watoto? Mwanasayansi Charles Darwin alilikiri tatizo hili katika kitabu chake cha mwaka 1859, akajibu kwamba uteuzi wa asili, yaani wenye tabia za kufaa kuacha watoto wengi kuliko wengine, unaweza kuipima familia nzima, si mdudu mmoja tu. Mwaka 1964 mwanabiolojia Mwingereza William Hamilton aliweka hesabu juu ya jibu hilo, na hesabu yenyewe inaanzia kwa dume la nyuki.

Kila mfugaji anajua kwamba yai lisilorutubishwa hutoa dume. Dume basi hana baba, na mbegu zake zote hubeba vinasaba vilevile. Chungu nao wako hivyohivyo. Matokeo yake, dada wawili wa mama mmoja na baba mmoja wanafanana kwa robo tatu ya vinasaba vyao, ilhali mama na binti yake wanafanana kwa nusu tu. Kwa maneno mengine, jike anayemlea mdogo wake wa kike anapeleka mbele sehemu kubwa zaidi ya urithi wake kuliko angejifungulia mwenyewe.

Wengi huishia hapo, na mimi naona si haki kuishia hapo. Kwanza, kwa kaka yake jike huyo anafanana kwa robo tu, hivyo ukichanganya dada na kaka unarudi kwenye nusu. Pili, malkia wa siafu, kama malkia wa nyuki, hupandwa na madume wengi. Dada wa baba tofauti wanafanana kwa robo. Tatu, mchwa hawana hesabu hii, na bado wana vibarua na askari. Maelezo yanayosimama vizuri zaidi ni kwamba mwanzoni, kwenye mababu wa mbali, malkia alikuwa na dume mmoja maisha yake yote. Kulea ndugu kukawa na thamani sawa na kuzaa, na faida yoyote ndogo ya kufanya kazi pamoja ikatosha kulemea upande wa kulea. Baadaye vibarua wa koo kama ya siafu wakapoteza kabisa uwezo wa kupandwa. Hapo kurudi nyuma hakukuwezekana tena. Urithi wa kibarua una mlango mmoja tu, nao ni mama yake. Akifa mbele ya mzinga wako huku mama yuko salama chini ya udongo, hajapoteza kizazi.

Lakini si kila chungu humwaga maisha hivyo. Kuna chungu weusi wanaovamia mchwa kwa msafara, na mwaka 2017 watafiti waliowafuatilia Côte d'Ivoire walieleza kwamba majeruhi wao hubebwa kurudishwa nyumbani. Aliyepoteza karibu miguu yote huachwa. Makundi yao ni madogo na wanaozaliwa kwa siku ni wachache, kwa hiyo kila kibarua ana bei. Siafu mwenye dada milioni kadhaa hana bei hiyo.

Kigoma, kando ya Ziwa Tanganyika, sokwe wa Gombe wamejifunza kuutumia ushujaa huo. Hutumbukiza fimbo kwenye makazi ya siafu, askari wanapanda juu kuja kupigana, na sokwe anawafagia kwa mkono na kuwatafuna haraka. Sokwe wa Mahale, ziwa hilohilo upande wa kusini, kwa kawaida hawana desturi hiyo. Wao huvua chungu wanaoishi ndani ya miti.

Turudi mzingani. Petroli na moto huua vibarua na kuchoma msitu wa miombo, malkia haguswi. Sumu ya kupuliza itaua nyuki wako kwanza. Zuia njia. Tundika mzinga kwa waya uliopakwa grisi, au weka miguu ya kichanja ndani ya vikopo vya oili. Kata kila tawi na jani linalogusa mzinga, maana jani moja ni daraja tosha, na kagua grisi baada ya mvua na vumbi. Wakiingia nyumbani, toa watoto wachanga na wagonjwa kwanza, kisha fungua mbuzi, mbwa, na kuku aliyeatamia, kwa sababu asiyeweza kukimbia ndiye anayeuawa. Waache wapite. Watakula mende na panya wachanga, na wakimaliza wataondoka wenyewe.