Je, Pete ile ni bomu la atomiki?

Wasomaji wengi wa The Lord of the Rings, riwaya ya J.R.R. Tolkien, huamini kwamba Pete ya uovu, ile ambayo lazima itupwe katika moto wa mlima ilikofuliwa, ni fumbo la bomu la atomiki. Dhana hii ina mantiki yake. Riwaya ilitoka mwaka 1954 na 1955, miaka michache tu baada ya Hiroshima, na Pete ni nguvu ambayo hakuna awezaye kuitumia bila kuharibika.

Ila mwaka wa kuchapishwa si mwaka wa kuandikwa. Mwandishi, Mwingereza, alianza kazi Desemba 1937; Hiroshima ilipigwa Agosti 1945. Sura ya pili, inayoeleza Pete ni kitu gani, ni miongoni mwa sehemu za zamani kabisa za kitabu. Ameyasema mwenyewe katika dibaji ya toleo la pili, la miaka ya 1960, na hapo akaongeza hoja ambayo kwangu ni nzito kuliko tarehe zote: kama hadithi ingefuata vita vya kweli, yaani Vita Kuu ya Pili ya Dunia, Pete ingenyakuliwa na kutumiwa dhidi ya adui, si kuteketezwa.

Hata hivyo msomaji hakatazwi kuliona bomu humo. Dibaji hiyohiyo inatenganisha fumbo lililopangwa na mwandishi na maana anayoipata msomaji kwa uhuru wake.

Kwa riwaya yoyote, angalia kwanza ukurasa wa hakimiliki, kisha usome dibaji, ile ambayo wengi wetu huiruka.