Je, wajua kwa nini mwani wa Zanzibar unageuka mweupe?

Tawi la mwani lililougua utalijua hata ukiwa umefumba macho: limelegea, linateleza, na ukilivuta kidogo linakatikia mkononi. Ukilitazama, lile lililokuwa kahawia au kijani limepauka likawa jeupe kama mfupa. Kamba iliyofungwa mbegu wiki chache tu zilizopita inaweza kubaki na taitai tupu, vile vijikamba vya kufungia mbegu.

Ugonjwa huu huitwa ais-ais, jina linalotokana na barafu kwa sababu ya weupe wake. Ajabu yake ni kwamba mara nyingi unachochewa na joto.

Joto hilo linatoka wapi? Makaa ya mawe, mafuta na gesi tunavyovichoma vimeongeza hewa ya kaboni angani. Kabla ya enzi ya viwanda ilikuwa takribani sehemu 280 katika kila sehemu milioni za hewa. Leo imepita 420. Hewa hiyo huruhusu mwanga wa jua ushuke, lakini hulizuia joto linalopanda kutoka ardhini, mithili ya shuka zito usiku wa kaskazi. Wengi hudhani joto lote hubaki hewani. Wapi! Zaidi ya asilimia 90 ya joto hilo la ziada limemezwa na bahari.

Sasa njoo Paje au Jambiani, mashariki ya Unguja, ambako mwani ulianza kulimwa kibiashara mwaka 1989. Mashamba yako upande wa ndani wa mwamba, kwenye maji ya kina kifupi. Siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida, bahari hupwa kabisa mnamo saa 4 au saa 5 asubuhi, na hapo ndipo akina mama huingia shambani. Yanayobaki ni maji ya magotini, na jua ndiyo kwanza linapanda. Maji haba hupata moto upesi, hilo si jipya. Jipya ni kwamba siku hizi bahari yenyewe inajaa ikiwa na joto tayari. Mwani ukishaelemewa, bakteria huuvamia. Mvua kubwa nayo, ikipunguza chumvi ya maji, huongeza balaa.

Mwani unaolimwa hapa ni wa aina mbili, spinosamu na kotonii. Spinosamu hustahimili kwa kiasi fulani. Kotonii, yenye bei nzuri zaidi, ndiyo hutangulia kufa, na tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 imeshindikana katika mashamba mengi. Kwa hiyo mkulima hubaki na ile ya bei ndogo.

Dawa inayotajwa sana ni kuhamia kina kirefu, kwenye maji ya baridi zaidi. Lakini shamba la kupwani linataka vigingi, kamba na miguu. La kina kirefu linataka chombo, maboya na mtu anayejua kuogelea, na wengi wa akina mama hao hawakujifunza kuogelea, ingawa wamezaliwa na kukulia hatua chache tu kutoka baharini.