“Lakini Daktari, mbona alikuwa mwembamba?”

Nimeulizwa tena wiki hii, nilipotaja kwamba unene huongeza hatari ya saratani ya kongosho, na aliyeuliza, akimzungumzia mgonjwa wa saratani hiyo, ni mhudumu wa afya. Hapo ndipo uvumilivu uliponiishia.

Mgonjwa wa saratani ya kongosho mara nyingi hufika kwetu akiwa ameshakonda, na kilichomkondesha ni ugonjwa wenyewe. Hamu ya kula imepotea, vimeng'enya vya kusaga mafuta havitoshi, misuli inayeyuka. Ukimpandisha kwenye mizani siku hiyo halafu ukasema unene haukuhusika, umepima matokeo ukadhani ni chanzo. Uzito ninaoutafuta mimi ni wa miaka kumi au ishirini nyuma. Mtazame mkanda wake: kuna tundu lililopanuka kwa kufungwa miaka na miaka, na mbele yake matundu mapya yaliyotobolewa kwa msumari. Mkanda huo unanieleza mengi kuliko mizani.

Ndiyo maana tafiti nzuri hupima uzito mapema, kisha huwaweka kando waliougua miaka ya mwanzo. Zinaonyesha kwamba BMI (kipimo cha uzito kulinganisha na urefu) ikipanda kwa pointi 5, hatari huongezeka kwa takriban asilimia 10. Ongezeko hilo ni dogo, sigara inalizidi kwa mbali, na wanene walio wengi hawataupata ugonjwa huu maishani. Lakini lipo.

Linatokeaje? Mafuta ya tumboni humwaga saitokini kama IL-6 na TNF, yaani kemikali zinazochochea inflamesheni (mwako wa kinga ndani ya mwili); adiponektini, homoni inayoituliza, hushuka; insulini hupanda. Insulini hiyo huzifikia seli jirani za kongosho ikiwa nzito kuliko inavyofika kwingine mwilini. Zaidi ya asilimia 90 ya saratani za mirija ya kongosho zina mutesheni (badiliko) ya jeni ya KRAS, ila kwa panya waliokwisha komaa mutesheni hiyo peke yake ilishindwa kuleta saratani mpaka kongosho lao lilipotiwa inflamesheni ya muda mrefu. Kwangu huo ni ushahidi mzito.

Kwa binadamu mambo hayajanyooka hivyo. CRP ya damu, protini inayopanda mwili ukiwa na inflamesheni, iliyopimwa miaka kabla ya ugonjwa, haijatabiri saratani hii kwa uhakika, kwa hiyo usilipie kipimo hicho ukitafuta utulivu wa moyo. Nadhani inflamesheni yenye madhara hukaa ndani ya kongosho lenyewe bila kuonekana kwenye damu. Lakini insulini na inflamesheni hupanda pamoja kwa mtu mnene, na hakuna aliyefaulu kuzitenganisha vizuri.

Kinachoniuma zaidi ni pongezi. Mtu amevuka miaka 50, kisukari kimeanza ghafla, uzito unashuka bila yeye kujinyima chochote, na kila anayekutana naye anamsifu kwa kupungua. Wenye kisukari kipya umri huo wanaokutwa na saratani ya kongosho ndani ya miaka mitatu ni kama mmoja kwa mia, ila anayekonda bila sababu hatari yake iko juu zaidi. Huyo apelekwe kupigwa picha ya CT mapema.