Mtihani wa Kuzungumza Kiingereza: Yasemwayo Lamu na Yaliyo Kweli

Hapa Lamu hukosi kumsikia mtu anayejiandaa kwa mtihani wa Kiingereza: muuguzi anayetafuta kazi ng'ambo, kijana aliyeahidiwa nafasi chuoni, mhudumu wa hoteli ya Shela anayetaka cheti cha kumsogeza mbele. Kusoma na kuandika hakuwasumbui sana. Kinachowanyima usingizi ni kuzungumza mbele ya mtahini, na kwa kuwa walioufanya mtihani huo si wengi, kila anayeketi barazani ana lake la kuwaambia. Mengi ya hayo si kweli. Tena si uongo usio na madhara, maana humfanya mtu afanyie mazoezi kitu ambacho hakimo mtihanini.

"Mitihani ya Kiingereza ni mamoja"

Si mamoja hata kidogo, na hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Ukifanya IELTS, mtihani wa Kiingereza wa kimataifa, unaketi wewe na mtahini mmoja kwa dakika 11 hadi 14. Katikati unapewa kadi yenye mada, unajitayarisha kwa dakika 1, kisha unazungumza peke yako kwa dakika 1 hadi 2. C1 Advanced ya Cambridge, mtihani wa Kiingereza cha ngazi ya juu ambao wengine bado wanauita CAE, una sura nyingine kabisa. Humo huingii peke yako. Mnaingia wawili na kukuta watahini wawili. Mmoja anauliza, mwingine amekaa kando anaandika alama na karibu hasemi neno zaidi ya salamu. Muda ni dakika 15. Watahiniwa wakiwa witiri, kundi la mwisho huingia watatu na kukaa dakika 23.

Basi mtu anayejifunza kuhutubia kadi ya IELTS huku amejiandikisha C1 Advanced anajitayarisha kwa chumba asichokwenda. Jambo la kwanza ni kumuuliza anayekitaka cheti. Baraza la wauguzi la Uingereza, kwa mfano, hupokea IELTS ya Academic (ile ya kitaaluma) au OET, mtihani wa Kiingereza wa watu wa afya. C1 Advanced haumo katika orodha yao, hata uwe umepata daraja la A. Na OET nayo ina yake: unaigiza ukiwa mhudumu wa afya anayezungumza na mgonjwa. Uliza kabla ya kulipa.

Kuanzia hapa nasema juu ya C1 Advanced, kwa sababu ndio unaoelezwa vibaya zaidi.

"Nilipata A ya Kiingereza KCSE, kuzungumza hakunitishi"

Pongezi kwa A. Lakini kumbuka ilivyopatikana. Sehemu ya stadi za kuzungumza katika KCSE huulizwa kwa maandishi: unaandika mkazo unakaa wapi, unaandika ungemjibu nini mtu kwenye simu, unakamilisha mazungumzo kwa kalamu. Mwanafunzi anaweza kupata alama zote za kuzungumza bila kufungua kinywa. Mimi huliona jambo hili la ajabu, ila ndivyo mambo yalivyo, na halimwandai mtu kwa dakika 15 za ana kwa ana.

Upande wa pili wa dhana hii uko gatini. Vijana wanaotembeza wageni mjini husema Kiingereza chao kinamiminika, na ni kweli. Kijana anakupeleka Ngomeni, anakueleza milango ya nakshi, anakwambia Mji Mkongwe uliingia katika orodha ya UNESCO mwaka 2001, na hakwami mahali. Mwulize sasa kama utalii umewapunguzia vijana hamu ya kusoma, na kama serikali ina haki ya kuweka kikomo cha wageni. Sentensi zinakatika. Maneno ya kila siku yamelainika kwa kurudiwa, lakini swali la kupima mambo, la kukisia, la kusema "ingekuwa hivi huenda…" halijazoeleka mdomoni. Ngazi ya C1 inatafuta hayo hasa, na sehemu ya nne ya mtihani, ya dakika 5, karibu yote ni maswali ya namna hiyo. Dawa yake si ngumu: kijana huyo ana wageni wa kuzungumza nao kila siku, wanafunzi wengi wangependa kuwa kama yeye. Abadilishe maswali tu. Akimaliza hadithi ya Ngome, amuulize mgeni maoni yake, kisha ampinge kwa adabu.

"Lazima usikike kama Mwingereza"

Nimewasikia watu wakijikaza pua na kuviringisha ulimi mpaka hata mwenyewe haelewi asemalo. Hakuna anayetoa alama kwa lafudhi ya London. Kinachopimwa katika matamshi ni kama unaeleweka bila taabu, kama mkazo umekaa kwenye silabi yake, kama sauti zinatoka wazi na kiimbo kinalingana na unachosema. Lafudhi yako ya Kiamu iache ilivyo.

Tena Mswahili wa pwani anaingia na mtaji. Sauti ya *think* anayo katika thelathini, na ya *this* anayo katika dhahabu. Wenzetu wengi ambao lugha zao za nyumbani hazina sauti hizo huzitafuta kwa jasho. Kiamu hata kina *p* yenye pumzi na isiyo na pumzi, ile inayomtenga paa wa mwituni na paa la nyumba, nayo *p* ya kuanzia maneno ya Kiingereza ni ya pumzi. Hayo tumezaliwa nayo.

Panapotuangusha ni kwingine. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, isipokuwa maneno machache kama lazima. Kiingereza hakina utulivu huo: *photograph* mkazo uko mwanzo, *photographer* umesogea silabi ya pili, *photographic* umesogea tena. Ukiyapa yote mkazo wa Kiswahili, msikilizaji atalazimika kukukisia. Pili ni irabu. Sisi tuna tano, Kiingereza kina nyingi zaidi, na *ship* na *sheep* zikitoka sauti moja mtu anaweza kupotea katikati ya habari. Tatu ni ile irabu tunayoibandika mwisho wa neno linaloishia kwa konsonanti. Jirekodi kwa simu dakika moja, usikilize, uandike maneno matatu tu yaliyokushinda. Kesho mengine matatu. Anayejaribu kurekebisha yote kwa siku moja huishia kuogopa kusema.

"Kariri majibu na maneno makubwa"

Ushauri huu unapendwa sana, na mimi ndio nisioupenda kuliko yote. Watu wanauziwa karatasi zenye majibu tayari: mji wangu, familia yangu, mipango yangu. Sehemu ya kwanza ya mtihani, ya dakika 2, kweli huuliza mambo yako binafsi, lakini swali huja limepinda kidogo kuliko ulivyolitarajia, na jibu lililokaririwa haliwezi kupinda nalo. Watahini wamefundishwa kazi hii. Wanasikia sauti inavyobadilika mtu anapoanza kusoma kutoka kichwani: mwendo unakuwa wa haraka, macho yanatazama dari.

Maneno makubwa nayo yana shari yake. Msamiati mpana unapata alama, naam, lakini ukiwa mahali pake. Neno zito lililopachikwa ili lionekane tu hujulikana papo hapo. Afadhali ujue njia kadhaa za kusema "huenda" na "kwa upande mwingine" na uzitumie kwa wepesi, kuliko kubeba maneno ishirini ya kamusi usiyoyaamini.

"Kwenye picha, eleza unachokiona"

Katika sehemu ya pili unapewa picha tatu, unachagua mbili, unazungumza peke yako kwa dakika 1. Wengi huanza: namwona mtu, amevaa kanzu, nyuma yake pana bahari. Dakika inakwisha na kazi haijaanza.

Maelekezo yanataka ulinganishe picha mbili ulizochagua na ujibu maswali mawili, nayo yamechapishwa juu ya picha, kwa hiyo huna haja ya kuyashika kichwani. Tuseme picha ni wavuvi wanaovuta jarife, daktari wa zamu ya usiku, na mwanafunzi kwenye maktaba, na swali ni kwa nini kazi hizo huenda zinachosha na wahusika huenda wanajisikiaje. Sentensi moja inatosha kulinganisha: mmoja anachoka mwili pamoja na wenzake, mwingine anachoka akili peke yake. Kisha kisia. Huenda wavuvi wana wasiwasi kwamba samaki ni wachache, huenda daktari anaogopa kukosea. Ukweli wa picha haumjalishi mtahini, hata ukikisia vibaya. Anasikiliza unavyokisia.

Na mwenzako anapozungumza, usilale. Ataulizwa, na wewe utaulizwa swali fupi la nusu dakika kuhusu picha zake.

"Mwenzako ni mshindani wako"

Hapa ndipo nitakapokaa, kwa sababu hapa ndipo malezi yetu yanapogongana na mtihani.

Sehemu ya tatu mnapewa ukurasa wenye swali katikati na mawazo matano pembeni. Mna sekunde 15 za kutazama, dakika 2 za kujadiliana nyinyi wawili, kisha mtahini anawauliza swali la kuamua na kuwapa dakika 1 zaidi. Yeye hasemi. Ni nyinyi.

Niliwahi kuwaketisha pamoja mwalimu wa shule ya msingi na kijana mdogo wa umri wa mwanawe, wafanye zoezi hili.

"Tangulia wewe, mwalimu."

"Anza tu, mwanangu."

"La, wewe mkubwa."

Alipoanza mwalimu yule mama, kijana akawa anaitikia tu: *yes*, *yes*, *I agree*. Kwetu kijana yule amelelewa vyema. Mtu mzima hakatizwi. Lakini kuna alama za mawasiliano baina ya watahiniwa, na mtahini wa kando anatafuta mtu anayeanzisha hoja, anayejenga juu ya hoja ya mwenzake, anayesogeza mazungumzo yafike mahali. Kuitikia peke yake hakuna la kupimwa. Mama naye hakupata faida, maana alikuwa anahutubia.

Wapo wanaofanya kinyume: wamesikia kuwa ni shindano, basi wanamfunika mwenzao asipate pumzi. Hao hupoteza alama zilezile. Kila mtu anahesabiwa alama zake peke yake, na wala hamlinganishwi. Ukipangiwa mtu hodari kukuzidi hakupunguzii chochote, na ukipangiwa mtu mzito wa kusema, kumuuliza "wewe waonaje?" ni kazi nzuri inayohesabiwa kwako. Kukubaliana nako si lazima. Wala si lazima mpitie mawazo yote matano. Afadhali matatu yaliyochimbwa.

Kinachonishangaza ni kwamba ustadi huu tunao, tena wa zamani. Wasikilize wazee barazani jioni wanapopingana juu ya bei ya boti au juu ya nani alitunga shairi fulani. Hawarushiani maneno. Mmoja hulishika kwanza neno la mwenzake, akalikubali nusu, kisha akaligeuza: "Hilo la mafuta kupanda ni kweli, lakini mbona nauli haikushuka yaliposhuka?" Hivyo ndivyo sehemu ya tatu inavyotaka. Kinachobaki ni kuufanya kwa Kiingereza, na kukubaliana na nafsi yako kuwa kwa dakika zile 15 aliye mbele yako ni mwenzako, hata awe amekuzidi umri. Kumkatiza kwa heshima inawezekana. Subiri avute pumzi, taja alichosema, ongeza lako.

Mengine madogo

Ati mtahini akikukatiza umeanguka. La, muda umekwisha tu, naye anafuata maneno aliyoandikiwa.

Ati ukiomba swali lirudiwe unapunguziwa alama. Omba. Kibaya ni kujibu swali ambalo hukulisikia.

Ati lazima uwe na maoni sahihi. Mtihani ni wa lugha. Unaweza kusema jambo ambalo mtahini halikubali kabisa na ukapata alama za juu.

Ati ukianguka kuzungumza umeanguka mtihani mzima. Kuzungumza ni asilimia 20 ya alama. Matokeo ni wastani wa sehemu tano: kusoma, matumizi ya lugha, kuandika, kusikiliza na kuzungumza. Unahitaji 180 kwenye mizani ya Cambridge kupata C1, na anayepata kati ya 160 na 179 hupewa cheti cha ngazi ya B2, iliyo chini ya C1.

Ati bila mzungu wa kufanya naye mazoezi huendi popote. Mnahitaji kuwa wawili wenye simu ya kupima dakika, picha tatu zozote, na ujasiri wa kutoingiza Kiswahili mnapokwama. Mkwame kwa Kiingereza, mjikwamue kwa Kiingereza. Mgeni akipatikana, vizuri.

Na la mwisho linawahusu hasa watu wa kisiwani: ati mtihani wote ni wa siku moja. Kuzungumza kunaweza kupangwa siku tofauti na sehemu nyingine. Ukiwa umejiandikisha Mombasa au Nairobi, hilo linamaanisha boti ya kuvuka Mokowe, basi la siku nzima, na mahali pa kulala zaidi ya ulivyopanga. Tazama tarehe zote mbili kwenye barua ya kituo, beba kitambulisho kilekile ulichojiandikishia, na usikate tiketi ya kurudi mpaka ujue siku ya mazungumzo.