Je, wajua kwa nini deni la marehemu linaweza kukataliwa mahakamani?

Kabla maiti haijapelekwa makaburini, msemaji wa familia husimama mbele ya waombolezaji akatangaza: yeyote anayemdai marehemu aje aonane nasi. Desturi hii ipo kwa Waislamu na Wakristo, pwani na bara. Mara nyingi hakuna anayejitokeza. Mtu anayemdai marehemu milioni 3 anaona haya kuwaendea wafiwa na habari za fedha wakati wangali wanalia. Anajiambia atasubiri arobaini ipite, halafu atasubiri mirathi ifunguliwe, na miaka inakatika.

Haya hizo ni za kiungwana. Tatizo ni kwamba sheria ya ukomo wa muda, ile inayoweka siku ya mwisho ya kufungua kesi, haizitambui, na wengi wanaoumia ni watu wa hali ya chini waliokopeshana kwa kuaminiana.

Deni lenyewe halizikwi pamoja na mwenye nalo. Katika Uislamu jambo hili liko wazi kabisa: sura ya An-Nisaa, aya ya 11 na 12, inarudia kwamba warithi wanapata mafungu yao baada ya kutekelezwa wasia na kulipwa deni. Sheria za serikali, Tanzania na Kenya, nazo zinamtaka msimamizi wa mirathi alipe madeni kabla ya kugawa. Lakini deni kuendelea kuwepo ni jambo moja, na kuwa na haki ya kulidai mahakamani ni jambo jingine. Haki hiyo ina tarehe ya mwisho.

Tanzania, Sheria ya Ukomo ya mwaka 1971 inatoa miaka 6 kwa madai ya mkataba, miaka 3 kwa madai ya madhara kama ajali, na miaka 12 kwa ardhi. Kenya ina vipindi hivyo hivyo. Wengi wanakosea mahali pa kuanzia kuhesabu. Muda wa deni unaanza siku lilipopaswa kulipwa likaachwa. Hauanzi siku ya msiba, na ukishaanza kukimbia, kifo hakiusimamishi. Tuseme ulimkopesha jirani mwaka 2019, mkaandikiana kwamba atalipa mwisho wa Desemba 2020, hakulipa, akafariki 2024. Hesabu yako inaishia mwisho wa 2026. Ukidhani una miaka 6 tangu mazishi, utafika mahakamani umechelewa, na hakimu wa Tanzania anapaswa kuitupa kesi hiyo hata kama upande wa pili haukulalamika.

Kwa nini sheria iwe kali hivyo kwa mtu mwenye haki yake? Sababu yenye uzito ni kwamba mdaiwa hayupo tena kujibu. Yeye ndiye aliyejua kwamba nusu ya fedha alishazirudisha mkononi, bila risiti. Simu yake imezimwa, ujumbe wa malipo haupatikani, na shahidi aliyekuwepo amehama au naye amekufa. Kadiri madai yanavyochelewa ndivyo mjane na watoto wanavyobaki kujibu mambo wasiyoyajua. Pia mirathi lazima ifike mahali ifungwe. Katika Mahakama ya Mwanzo ya Tanzania, msimamizi anatakiwa ndani ya miezi 4 tangu ateuliwe kuwasilisha Fomu namba 5 yenye mali na madeni yote ya marehemu. Dai lako lisipokuwa kwenye karatasi hiyo, ugawaji unaweza kuendelea kana kwamba hudai chochote.

Marekani wamekwenda mbali zaidi. California, aliyekuwa na haki ya kumshtaki marehemu ana mwaka 1 tu tangu siku ya kifo, hata kama muda wa kawaida ulikuwa haujaisha. Florida, ikipita miaka 2 tangu kifo, kwa kawaida dai ambalo halijawasilishwa limekwisha. Ukali huo ulizaa kesi maarufu. Mwaka 1979 mtu alifia hospitalini Tulsa, Oklahoma, na mjane wake akatangaza gazetini, kama sheria ya jimbo ilivyotaka, kwamba wadai walete madai ndani ya miezi 2. Waliodai bili ya hospitali hawakuliona tangazo, wakachelewa, dai likakataliwa. Mwaka 1988 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba tangazo la gazetini halitoshi kwa mdai anayejulikana au anayeweza kutambulika kwa juhudi za kawaida: lazima apewe taarifa yeye mwenyewe. Kwa maoni yangu huo ni uamuzi wa haki, kwa sababu nani husoma matangazo ya mirathi kila siku?

Kenya nako tangazo la maombi ya usimamizi hutoka katika Gazeti Rasmi la Serikali na kutoa siku 30 za kupinga. Mama muuza samaki Kilifi hatalisoma. Itambidi aulize mwenyewe.

Kama kesi ilikuwa imeshafunguliwa mdaiwa akafa katikati, kuna muda mwingine wa mwisho, mfupi zaidi. Tanzania una siku 90 za kuomba msimamizi wake aingizwe mahali pake. Kenya una mwaka 1. Ukikaa kimya, kesi inakufa dhidi ya marehemu huyo. Na usijaribu kufungua kesi mpya kwa jina la marehemu, kwani ni batili tangu mwanzo. Anayeshtakiwa ni msimamizi kwa niaba ya mirathi, na malipo yanatoka katika mali aliyoiacha marehemu. Ng'ombe aliowanunua mjane kwa fedha zake si wako kuwashika.

Lipo jambo moja linaloweza kukuokoa: marehemu akiwa hai alikiri deni kwa maandishi yenye saini yake, au alilipa sehemu, kabla muda haujaisha. Hapo hesabu inaanza upya tangu siku hiyo. Kwa hiyo tafuta ile karatasi ya daftari aliyokuandikia.

Na familia ikikataa kufungua mirathi kabisa, kama inavyotokea kila pembe ya nchi zetu? Usikae kusubiri huku muda unakwisha. Sheria ya Mirathi ya Kenya inawataja wadai miongoni mwa wanaoweza kupewa usimamizi, nyuma ya mwenzi, warithi wengine na Mdhamini wa Umma, yaani ofisi ya serikali inayosimamia mirathi. Kwa hiyo huko unaweza kwenda mahakamani wewe mwenyewe na kuomba mirathi hiyo ifunguliwe.