Nauli ya Mtoto Nayo ni Mchango wa Utafiti wa Saratani ya Ubongo

Mwanza tunajua kuchanga. Kamati ya harusi ikiundwa asubuhi, jioni kundi la WhatsApp limejaa ahadi. Akilazwa mtoto wa mwenzao, wafanyabiashara wa dagaa wa Mwaloni Kirumba hupitisha daftari meza kwa meza. Moyo huohuo tunauhitaji kwenye utafiti wa saratani ya ubongo kwa watoto.

Ugonjwa huu hautokani na kurogwa, wala mama hakukosea chochote akiwa mjamzito. Mtoto huamka kichwa kinauma, anatapika, kisha anaonekana mzima hadi kesho yake. Baadaye anaanza kuyumba, au jicho linaingia makengeza. Wengi hutibiwa malaria na taifodi mara mbili tatu kabla ya mtu kuwaza kupiga picha ya kichwa. Hata Uingereza watoto walikuwa wakichelewa. Mwaka 2011 watafiti na shirika la hisani walianzisha kampeni ya kuwafundisha wazazi na madaktari dalili hizi, na muda kati ya dalili ya kwanza na kutambuliwa kwa ugonjwa ukashuka kutoka zaidi ya wiki 13 hadi chini ya 7.

Kazi nyingine hufanyika maabara. Daktari akitoa uvimbe, kipande chake hutumbukizwa kwenye chupa ya formalini, dawa ya kuzuia nyama isioze. Baadaye huzamishwa ndani ya nta, hukatwa vipande vyembamba vya takriban mikroni 4 (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita), hupakwa rangi na kuangaliwa kwa hadubini. Kibonge hicho cha nta kikitunzwa vizuri, na lebo yake ikasomeka, kinaweza kutolewa kabatini miaka 10 baadaye na kupimwa kwa kipimo ambacho leo hakipo. Kwa kuchunguza sampuli za namna hiyo, wataalamu waligundua kwamba meduloblastoma, uvimbe wa sehemu ya nyuma ya ubongo, si ugonjwa mmoja. Una makundi makuu 4, na baadhi hupona vizuri zaidi kuliko mengine. Sampuli nyingi zilizotoa jibu hilo zilitoka nchi tajiri. Nasi tunataka watoto wa Kanda ya Ziwa wahesabiwe.

Ila kibonge peke yake hakitoshi. Lazima tujue mtoto alipata mionzi lini, dawa zipi, na miaka 5 baadaye kama yu hai, anaona vizuri, anasoma. Hapo ndipo tunapoumia. Mama ametoka Ukerewe kwa meli ya Nansio hadi hospitali ya Bugando, hapa Mwanza. Nauli inaisha, tarehe ya kliniki inapita, simu haipatikani. Daraja la Kigongo–Busisi, lililofunguliwa Juni 2025, limewafupishia safari watu wa Sengerema na Geita, lakini nauli bado ni ya mzazi. Mtoto amekosa matibabu, na utafiti umekosa jibu. Kwa maoni yangu, kikundi kinachomlipia mzazi nauli na chakula katika miezi ya matibabu kimechangia utafiti sawasawa na aliyenunua hadubini.

Shirika la Afya Duniani linasema nchi tajiri huponya zaidi ya asilimia 80 ya watoto wenye saratani za aina zote, na nchi nyingi za kipato cha chini hazifiki 30. Lengo lake ni walau 60 ifikapo 2030.

Vikoba, misikiti, makanisa na shule zinazotaka kuchangia ziulize maswali magumu. Pesa iingie akaunti ya taasisi, isipite kwenye simu ya mtu, na risiti itolewe. Ombeni kuona kibali cha maadili cha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu. Picha ya mtoto akiwa na kipara na kidonda cha upasuaji isisambazwe kwenye makundi ili watu waone huruma. Na mzazi akikataa mwanawe kuingizwa kwenye utafiti, matibabu yaendelee vilevile, na nauli yake isiguswe.