Kopo la Filamu Lenye Kutu Lisipitie Posta: Ufafanuzi Kuhusu "Hats Off"

Kila inapokaribia Oktoba 27, Siku ya Urithi wa Picha na Sauti Duniani, wahifadhi wa filamu tunaulizwa swali lilelile: filamu "Hats Off" ya wachekeshaji Laurel na Hardy mmeificha wapi? Hatujaificha. Imepotea, yaani hakuna nakala hata moja inayojulikana ilipo. Vipande vinavyosambaa mtandaoni vimeungwa kwa picha mnato zilizosalia. Tumeeleza hili mara nyingi mno.

Vichekesho hivyo bubu vilitoka mwaka 1927 katika studio ya Hal Roach. Wawili hao wanauza mashine ya kufulia, wanaipandisha ngazi ndefu za Silver Lake, Los Angeles, na mwishowe mtaa mzima unaangushiana kofia. Mwaka 1932 walirudi ngazi zilezile wakibeba piano katika "The Music Box", filamu iliyoshinda Oscar. Chimbuko lenyewe hatulioni, na jambo hilo linaniuma.

Msikate tamaa, lakini. Mwaka 2015 rili (mkunjo wa mkanda) ya pili ya "The Battle of the Century", filamu yao nyingine ya 1927, ilipatikana katika mkusanyiko wa mtu binafsi. Kwa hiyo ukikuta kopo la zamani, soma pembeni mwa mkanda. Ukiona neno NITRATE, yaani nitrati, aina ya mkanda wa zamani unaowaka kwa urahisi, usiuweke kwenye projekta. Nitrati ikiwaka hujizalishia oksijeni, hata maji hayaizimi. Iweke mahali pa baridi penye hewa, mbali na moto na sigara. Usiifunge kwenye mfuko wa plastiki. Mkanda ukinata au kutoa povu, usijaribu kuukunjua.

Usiitume kama kifurushi cha kawaida. Kimataifa ni mzigo hatari, daraja 4.1 (yabisi zinazowaka), namba ya Umoja wa Mataifa UN 1324: sharti itangazwe, ifungashwe kwa vifaa vilivyoidhinishwa na iwekwe lebo. Nchini Marekani kukiuka hayo kwa makusudi ni jinai yenye kifungo cha hadi miaka 5, na hadi 10 mzigo ukivuja na kumjeruhi au kumuua mtu.

Wengine hukaa kimya wakihofia kushtakiwa kwa hakimiliki. Nchini Marekani hofu hiyo haina msingi kwa filamu hii: "Hats Off" ni mali ya umma huko, yaani hakimiliki yake imeisha, tangu Januari 1, 2023. Piga picha maandishi ya kopo na ukingo wa mkanda, uzitume kwa hifadhi ya filamu ya nchi ulipo, kisha usubiri maelekezo. Kopo libaki lilipo.